MKALIMANI AAPISHWE!

Mikono yangu ilisema hivi:

"Ndiyo, kazi ya mahakamani naiweza. Nipeni kesi ngumu kuliko zote mlizonazo, nitaisimamia."

Mdomo wa dada yangu ukasema kitu kingine kabisa!

Jamani... nisomeni taratibu, maana hata mimi siku ile nilidhani macho yananidanganya.

Tulikuwa kwenye chumba cha usaili. Mbele yangu jopo, meza ndefu, chupa za maji, kiyoyozi kinanipuliza shingoni. Mimi ni kiziwi. Dada yangu wa tumbo moja ndiye mkalimani wangu. Nikiongea kwa mikono, yeye anawapa wenye masikio kwa sauti. Wakiongea wao, yeye ananirudishia kwa mikono.

Siku hiyo alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Eti mafua.

Kikohozi kikambana, akashusha leso anywe maji, na maneno ya mwisho yakamponyoka kabla hajafunika.

Mimi midomo naisoma. Siyo yote, nusu yake ni kubahatisha tu. Lakini midomo ya dada yangu nimeisoma tangu utotoni.

Nilisoma: "...naomba nibaki ofisini."

Nini?!

Nikaangalia jopo. Mkuu wa kitengo chetu alikuwa anatikisa kichwa polepole, kwa sura ile ya mtu aliyekuja kutoa pole. Afisa utumishi aliyekaa pembeni yake akaandika kitu kifupi, akafunika kalamu.

Akafunika kalamu, wadau! Ukiona kalamu imefunikwa kwenye usaili, ujue umekwisha.

Damu yangu mwenyewe ilikuwa inanichoma mbele ya macho yangu, tena kwa kujifanya ndiyo mimi ninayeongea!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili mnielewe...

Masikio yangu yaliondoka na homa nikiwa mdogo sana. Hata sauti ya mama siikumbuki. Dada, ambaye ni mkubwa kwangu, alijifunza lugha ya alama pamoja nami. Hakulazimishwa na mtu. Alikuwa anaona uchungu mimi kukaa kwenye kona ya sebule watu wakicheka bila mimi kujua wanacheka nini.

Sisi viziwi kila mtu tunampa jina la alama. Dada anaitwa Kishimo, kwa sababu ya kishimo cha shavuni. Unagusa shavu kwa kidole, basi, umeshamwita.

Mimi naitwa Nyusi. Unainua nyusi moja tu. Jina hilo alinipa yeye, kwa sababu tangu mtoto sikubali kitu mpaka nikigeuze pande zote. Ukinipa pipi, nakuuliza kwanza kwa nini.

Nikasoma sheria. Jinsi nilivyosoma ni kisa kingine, msinitoe machozi hapa. Nikaajiriwa ofisi ya mawakili wa serikali.

Siku ya kuripoti, mkuu wa kitengo alinishika bega mbele ya kamera. Huyu tulimpa jina Miwani, maana miwani yake inaishi kwenye paji la uso, machoni anaishusha akitaka kusaini tu. Akasema ofisi yetu imefungua milango kwa watu wote. Picha ile ikatundikwa mapokezi, kubwa kama dirisha.

Kamera zilipoondoka nikamuuliza, "Na mkalimani, Mkuu?"

"Si unaye dada yako? Njooni wote! Tutamtafutia kikazi hapo masjala."

Kikazi!

Hivyo ndivyo dada yangu alivyoajiriwa. Kwenye karatasi ni karani wa masjala. Kiukweli ndiye aliyekuwa masikio yangu na mdomo wangu, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hakuna aliyempa mafunzo. Hakuna aliyemuuliza kama anachoka.

Na mimi kazi yangu ikawa kuandika hoja. Naandika mimi, anakwenda kusimama nazo mahakamani mwenzangu mmoja anaitwa Tai. Jina la alama pia, anaivuta tai yake ya shingoni kila dakika, utadhani inamkaba. Tai anashinda kesi kwa hoja zangu, anarudi anapigiwa makofi kwenye korido. Mimi nimekaa kwenye kiti changu nyuma ya kabati, naona mikono ya watu inagongana tu.

Ndipo ikatangazwa nafasi. Wakili wa mahakamani, nafasi moja. Miwani mwenyewe alituambia nyingine isitegemewe kabla hatujaota mvi.

Tukaomba wawili. Mimi na Tai.

Sasa hapo ndipo nyusi yangu ilipoanza kupanda.

Kitu cha kwanza kilikuwa tafsiri fupi. Miwani anasimama na wenzake karibu na meza yangu, midomo inaenda mbio kama cherehani, wananitupia jicho, wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Namgusa dada, "Wanasema nini?"

"Wanazungumzia mvua."

Mvua? Nje jua linayeyusha lami!

Kitu cha pili, maneno yangu yalikuwa yanafika yamelainika. Nikasema moyoni, hebu nipime. Kwenye kikao cha kitengo Miwani akatoa hoja ya kesi moja ya ardhi. Hoja yenyewe ilikuwa mbovu, haina miguu wala kichwa. Nikanyanyua mikono:

"Mkuu, tukienda mahakamani na hoja hii, hata makarani watatucheka."

Dada akaongea. Akaongea kwa adabu, ameinamisha kichwa.

Miwani akaweka mkono kifuani, akainama kidogo, akatabasamu. "Asante sana," midomo yake ikasema.

Wewe... nani anaambiwa atachekwa na makarani halafu anashukuru?!

Jioni, njiani, nikamwambia dada, "Leo nilikuwa nauangalia mdomo wako." Nilisema kama utani.

Kesho yake akaja na leso. Mafua! Mafua gani hayo yanayoanza kwenye geti la ofisi na kuishia hapo hapo getini?

Kitu cha tatu kilinikosesha raha kabisa. Nilianza kumwona na Tai. Mara kwenye ngazi, mara nje ya masjala, mara karibu na mashine ya maji. Wakiniona wanaachana, kila mtu na njia yake. Tai anavuta tai. Dada anaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakimo.

Nikajiuliza maswali yote mnayojiuliza ninyi sasa hivi. Anampenda? Kaahidiwa nini? Au ndiyo wamepanga mimi nibaki nyuma ya kabati mpaka nistaafu?

Nikaamua nimuulize nyumbani, jikoni.

"Dada, wewe na Tai kuna nini?"

Akaingiza mikono kwenye beseni la vyombo.

Mnaelewa hiyo? Nyumbani kwetu mtu mwenye mikono kwenye maji ya sabuni hana mdomo. Hata nikimuuliza mara mia, hawezi kunijibu. Ni mbinu yake ya tangu zamani, na siku hiyo aliosha sufuria moja mpaka nikaihurumia sufuria.

Nikamgeuza bega. Akanikwepa macho. Kumkwepa kiziwi macho ni sawa na kumfungia mlango usoni.

Nikaenda zangu chumbani. Nililia kwa hasira, siwafichi.

Asubuhi ya usaili nikatangulia kazini. Dada akasema atakuja nyuma yangu kidogo. Nikakubali, halafu nikabana nyuma ya nguzo kwenye maegesho. Ndiyo, nilimvizia dada yangu! Ningekuwa nani mimi nisimvizie?

Gari la Tai likaingia. Dada akashuka... hapana, hakushuka. Alibaki ndani, ameziba uso kwa viganja. Tai anamsemesha. Kioo kilikuwa kimefunguka nusu, mdomo wa Tai ulionekana vizuri.

"...akijua..."

Yakapita maneno sikuyashika.

"...muache hivyo hivyo."

Kumbe ni kweli. Kumbe kuna mpango!

Nikaingia kwenye chumba cha usaili. Na sasa mnajua kilichotokea baada ya hapo. Mikono yangu ikasema naweza, leso ikashuka, kalamu ikafunikwa.

Turudi pale.

Mwenyekiti wa jopo alikuwa jaji mstaafu, mama mmoja mkavu, shingo ndefu, uso hauna habari na mtu. Alikuwa ameshanyanyua mkono kunionyesha mlango. Asante, unaweza kwenda.

Ningetoka pale, ndiyo ingekuwa imeisha.

Sikutoka. Nilivuta karatasi iliyokuwa mezani, nikaandika kwa herufi kubwa, nikamsukumia Jaji Mstaafu moja kwa moja. Sikupitia kwa dada.

MHESHIMIWA, MAHAKAMANI MKALIMANI HAFUNGUI MDOMO KABLA YA KULA KIAPO. NAOMBA NA WA KWANGU AAPISHWE.

Akasoma. Akaniangalia. Akasoma tena.

Dada akanitafsiria swali lake: "Kwani hajawahi kuapishwa?"

"Hajawahi, Mheshimiwa. Si hapa, si popote."

Miwani akaingilia, kiganja juu. Dada akanipa: "Mheshimiwa, huu ni usaili tu, tusikuze mambo. Huyu ni dada yake wa damu."

Jaji akamjibu kwa neno fupi, "Ndiyo maana."

Dada yangu akashusha mikono chini ya meza, mahali ambapo mimi peke yangu ningeona. "Nyusi... usinifanyie hivi. Nakuomba."

"Nikufanyie nini? Kuapa kusema kweli kuna ubaya gani?"



Niwaambie kitu kuhusu dada yangu. Nyumbani tukigombana nani kamaliza sukari, sote tunaapa mpaka kwa makaburi ya mababu. Yeye anasema "sijui," basi. Haapi hata kwa utani. Kiapo kwake ni kitu kizito, anakiogopa tangu mtoto. Mimi nilijua hilo, na nililitumia. Nilikuwa nimeumia.

Akasimama. Akanyanyua mkono wa kulia kuapa, na kwa kuwa lazima na mimi nione, akawa anatafsiri kiapo chake mwenyewe kwa mkono wa kushoto, alama nusu nusu, vidole vinagongana.

"Naapa kwamba nitatafsiri kwa ukweli na kwa ukamilifu yote yatakayosemwa ndani ya chumba hiki."

Yote yatakayosemwa. Wenye masikio waliomo mle hawakulifikiria hilo neno hata kidogo.

Leso ikaingia mkobani.

Jaji akarudia swali lake: Je, unaweza kazi ya mahakamani? Nikarudia jibu langu, neno kwa neno, mpaka kwenye "kesi ngumu kuliko zote mlizonazo".

Dada akanitafsiri.

Nikaona sura za watu zikibadilika kwa maneno yangu! Sijui kama mnaelewa... Miaka yote nimeongea na watu ambao sura zao haziendani na nilichosema. Siku hiyo nikasema kitu, nikakiona kinafika. Jaji akasogea mbele kwenye kiti. Afisa utumishi akafungua kalamu.

Nikamgeukia dada. "Na mwanzo ulisema nini kwa niaba yangu?"

Akalitafsiri swali kwa sauti, kila mtu akalisikia. Halafu akalijibu. Mikono inasema, mdomo unasema, machozi nayo yanasema.

"Nilisema: nashukuru kwa nafasi hii, lakini kwa hali yangu, naomba nibaki ofisini."



Hapo sasa Miwani akafanya kosa. Akamwinamia afisa utumishi, hatua mbili tu kutoka kwa dada, akaziba mdomo kwa faili, akamnong'oneza.

Na mikono ya dada yangu ikanyanyuka...

"Anasema: Unaona sasa? Nilikwambia hawa ni wa kupiga nao picha tu. Mpe kijana nafasi yake, tukale."



Jaji akashangaa, "Mkalimani, unatafsiri nini? Sijasema kitu mimi."

"Mkuu wa kitengo amesema, Mheshimiwa."

"Amesema nini? Na mimi nisikie."

Dada akarudia kwa sauti. Yote, mpaka "tukale".

Miwani akaruka, "Lakini nilikuwa nanong'ona!"

Mikono ya dada: "Lakini nilikuwa nanong'ona!"

"Sasa na hilo unalitafsiri la nini?!"

Mikono: "Sasa na hilo unalitafsiri la nini?!"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka kwa nguvu mpaka kifua kikatikisika. Siku zote watu wale walikuwa wananisema mbele yangu bila wasiwasi, wakijua dada ataficha. Walishazoea kunisema nikiwa palepale, na mazoea yakamponza mkubwa wao mbele ya jaji.

Halafu nikaona dada amefumba macho. Kicheko changu kilimuuma.

Jaji akamuuliza taratibu, "Mama, kwa nini ulibadilisha maneno ya mdogo wako?"

Dada hakumtazama Jaji. Alinitazama mimi.

"Siku ile uliponiuliza wanasema nini nikakwambia mvua, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Walikuwa wanaigiza kicheko chako. Sauti unayotoa ukicheka. Wanaigiza kila siku, wengine wanaiga na mikono yako. Wanakuita bubu. Wanasema unanuka huruma. Wewe husikii, Nyusi. Mimi ndiye ninayesikia. Kila tusi lako limepita kwangu, nikalimeza, nikakuletea mvua."

Mikono yake ikaendelea:

"Na wewe ukiwajibu kwa ukali nalainisha, ili wasije wakakuchukia zaidi. Nilijua nakuharibia. Lakini nikawaza mahakamani... kule ni hadharani, mawakili wa upande wa pili hawana huruma, na mimi ndiye nitakayesikia kwanza. Nikaogopa. Si kwamba wewe huwezi. Mimi ndiye niliyechoka."

Jamani.

Nilitaka kumkumbatia na kumzaba kibao kwa wakati mmoja. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Huyu ndiye aliyenipa lugha. Na ndiye aliyewafanya watu waamini sina makali.

"Na Tai?" nikauliza.

"Tai alinigundua zamani. Shangazi yake ni kiziwi, alama kidogo anazielewa. Leo asubuhi nilimwomba anisaidie kukwambia ukweli, nimeshindwa peke yangu. Akaniambia: akijua atavunjika moyo, muache hivyo hivyo."

Nyusi mzima, mwenye jina la kushuku, nilikuwa nimeshuku kitu kingine kabisa! Nilidhani dada kaniuza. Kumbe hakukuwa na mnunuzi wala bei. Kulikuwa na mtu mmoja anayenipenda vibaya, mwingine aliyekaa kimya kwa sababu kimya kinamfaa, na ofisi nzima iliyoona mkalimani wa kweli ni gharama ilhali dada yupo.

Jaji Mstaafu akafunga faili.

"Usaili huu haupo. Utarudiwa kwa wote wawili, na mkalimani aliyesomea kazi yake, anayetoka nje ya ofisi hii. Na wewe Mkuu hutakaa kwenye jopo. Ulichosema nitakiandika mwenyewe kwenda juu, kama mkalimani alivyokitafsiri."

Miwani akashusha miwani machoni. Sijui alitaka kusaini nini.

Usaili ukarudiwa. Nikaipata ile nafasi.

Msinipigie makofi kwanza.

Tai alikuja kunipongeza, akanipa mkono, sura imejaa tabasamu. Nikamwandikia kwenye simu, "Ulijua?"

Akaandika, "Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akafikiri, akavuta tai, akaandika, "Hukuniuliza."

Nikachukua simu yake... samahani, yangu, hata nilichanganyikiwa nani kashika nini. Mpaka leo tunasalimiana kwenye korido. Salamu tu.

Miwani alihamishiwa ofisi nyingine. Nasikia huko nako ana picha ukutani.

Dada aliomba abaki masjala, safari hii masjala kweli. Anapanga mafaili, anaondoka jioni na sikio lake mwenyewe. Wiki za mwanzo hatukuongea sana. Kidonda kilikuwa bado kibichi kwangu, na nadhani hata kwake.

Ofisi ikalazimika kuleta mkalimani mwenye kiapo. Kijana mmoja mrefu, hana huruma hata chembe. Tulimpa jina Chafya, kwa sababu siku ya kwanza mtu alipiga chafya nyuma ya ukumbi akaniletea na hiyo.

Basi ikafika siku yangu ya kwanza kusimama mahakamani.

Nikainuka, nikaanza kutoa hoja. Wakili wa upande wa pili, mtu mzima, mvi zimemkaa vizuri, akasimama kabla sijamaliza. Chafya akanipa yote, hakupunguza hata kidogo:

"Mheshimiwa, kweli tutafika leo? Shauri dogo hili litatuchukua kutwa nzima tukimsubiri bibie apunge mikono kama anafukuza nzi."

Akaongeza, "Watu wa nyuma wamecheka."

Wadau, ilichoma. Sitawadanganya. Ilinichoma mpaka kwenye nyayo. Nikasimama pale na joho langu jipya nikijiuliza dada alimeza mangapi ya namna ile, asubuhi na jioni, halafu akanitabasamia.

Nikamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, sina pingamizi. Naomba tu maneno ya wakili mwenzangu yaingie kwenye kumbukumbu za mahakama kama alivyoyatamka. Yote, ili wanaozisoma baadaye wayakute."

Jaji akamtazama yule mzee. "Wakili, yaingie?"

Mzee akakohoa. Akaangalia viatu vyake. Akaondoa maneno yake, akaomba radhi, akakaa.

Nikaendelea kufukuza nzi mpaka nikamaliza hoja zangu zote. Shauri bado linaendelea, msiniulize zaidi.

Nilipofika nyumbani, Kishimo alikuwa mlangoni ananisubiri. Alikuwa amekaza vidole, hata viatu sijavua.

"Ilikuwaje? Kuna mtu alikusema?"

Na mikono yangu, kabla sijaituma, ikamjibu:

"Hapana. Wote walikuwa na heshima sana."

Mabega yake yakashuka. Kishimo cha shavuni kikatokea, sikuwa nimekiona siku nyingi. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Na mimi nikajisikia vizuri! Nikajisikia mtu mwema kabisa!

Nilisimama pale mlangoni na uongo wangu mtamu. Haukunigharimu kitu, na ulimfanya nimpendaye apumue. Ndipo nikajua jinsi ilivyoanza na kwake, siku ya kwanza, kwa neno moja dogo la kunipunguzia.

Nikavuta kiti.

"Dada, kaa. Nimekudanganya. Nakwambia walichosema."

Nikamwambia yote. Nzi, watu wa nyuma, kicheko. Alilia. Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, akaniuliza, "Na wewe ukamjibu nini?"

Nikasimama katikati ya sebule nikamwigizia mahakama nzima, jaji, mzee na viatu vyake. Nikacheka kwa sauti yangu ile ile. Safari hii hakufumba macho, alicheka na mimi.

Sasa nimalize na wewe unayesoma hapa.

Ofisini kwenu yupo mtu mnayemsema mbele yake, kwa sababu hasikii, au haoni, au hajui lugha yenu, au mnajua tu kwamba hana pa kusemea. Mmempiga picha siku ya kwanza. Mmemwachia ndugu yake kazi ambayo ni yenu.

Wewe unayempenda, mwambie. Ukimfichia, unawasaidia wanaomdharau, maana hawezi kujibu asichokijua.

Na wewe uliyekaa kimya kwa sababu hajakuuliza... nakuuliza mimi sasa. Wamesema nini?